Mgeni wa Siku Moja katika Mji wa Simbamwene

Morogoro imeandikwa zaidi na wapitaji. Mwaka 1871 alipita Henry Morton Stanley akimtafuta Dk. Livingstone. Mwaka 1873 akapita Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Agosti 1916 likaingia jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts, nalo likapita. Wote walikaa siku chache, wakaandika, wakaondoka. Na leo mtu akitaka kujua mji huu ulikuwaje, karatasi za kwanza anazopewa ni zao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Morogoro ilipata wageni wengi wa siku mbili. Wachache waliofika siku ya tatu hawakushika jembe, walimkabidhi mwenyeji.

Sasa wageni wa siku moja wamerejea. Tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili. Mtalii ambaye meli yake imefunga gati Dar es Salaam anaweza kuondoka alfajiri, akauzunguka mji, akaugusa mlima, na kurudi kabla meli haijang'oa nanga. Niliomba kufuatana na mwongozaji mmoja aliyekuwa na wageni wa namna hiyo, mume na mke wastaafu kutoka Uholanzi. Nilitaka kuona siku moja inaweza kumwonyesha mtu nini katika mji uliozoea kutazamwa kwa haraka.

Mwongozaji ni kijana wa Kiluguru, mzaliwa wa Bigwa, mwenye kitambulisho shingoni na viatu vya mtu aliyezoea kupanda. Mzee wa Kiholanzi naye alikuja na kitabu cha Stanley mkobani, kurasa kadhaa zimekunjwa pembe. Nikajua siku itakuwa ndefu.

Siku 29 kutoka Bagamoyo

Kituo cha treni mpya kiko nje kidogo ya mji. Kabla ya kuingia katikati, mwongozaji alisimamisha gari mahali ambapo uso wa kaskazini wa Uluguru unaonekana wote: Lupanga kushoto, Bondwa na minara yake ya mawasiliano kulia, mawingu yakiwa yamekaa begani mwa milima. Akauliza, "Stanley alitumia siku ngapi kutoka Bagamoyo mpaka hapa?"

Mama akasema wiki moja. Mzee, ambaye alikwisha soma, akanyamaza kwa heshima ya mkewe.

Zilikuwa siku 29. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe njia ilikuwa ya maili 119, na kwa mwendo wa kawaida ingekwisha kwa hatua 14. Lakini alitoka Bagamoyo Machi, masika yakaanza kumnyeshea njiani, na msafara mmoja aliokuwa ameutanguliza ukawa unasuasua mbele yake. Jumla alikuwa na watu 192 waliogawanywa katika misafara mitano. Walibeba fedha ya barabara ya siku zile: majora ya merikani na kaniki, shanga za kila rangi, waya wa shaba. Aliyejua njia ni kirangozi aliyetangulia na bendera. Aliyejua mizigo ni mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, aliyekuwa ameshuka pwani na pembe za ndovu na sasa anarudi kwao. Stanley alikuwa abiria katika biashara iliyokuwapo kabla yake.

Na biashara hiyo haikuwa na njia moja. Richard Burton na John Hanning Speke, walipotoka pwani mwaka 1857, walipita kusini ya Uluguru, wakapumzika Zungomero katika bonde la mto Mgeta, upande wa Kisaki ya leo. Huko ndiko misafara ilikokusanyika, ikanunua chakula na kuajiri wapagazi. Speke aliporudi na James Grant mwaka 1860 alipita hukohuko. Njia ya kaskazini, ile aliyoifuata Stanley, ilikatiza bonde la Ngerengere chini ya Lupanga, na njiani hapo alikuwapo mtu aliyeelewa mapema kwamba msafara wenye njaa na kiu ni utajiri unaotembea.

Mji wa minara minne

Mtu huyo aliitwa Kisabengo. Alikuwa Mzigua asiye na nasaba kubwa, mwenye nguvu za mwili na ulimi mwepesi, aliyejikusanyia watumwa watoro na kuwa kiongozi wao. Alipotafutwa na watu wa Sultani wa Zanzibar alikimbilia Ukami, akapigana na Wakami mpaka wakamwachia ardhi nzuri ya bonde la Ngerengere. Hapo akajenga mji wenye boma, akauita Simbamwene. Uzeeni alilichukua jina la mji likawa lake, na kabla ya kufa akalirithisha pamoja na utawala kwa binti yake mkubwa. Kwa hiyo mwaka 1871 mji ulikuwa Simbamwene, na aliyekuwa akiutawala ni Simbamwene, mwanamke.

Tulisimama kando ya mto. Maji yalikuwa machache na ya kahawia, vijana wanafua, pikipiki zinaoshwa. Hakuna ukuta. Mwongozaji alimwomba mzee afungue ukurasa uliokunjwa, naye akatusimulia kilichomo: kuta za mawe zenye safu mbili za matundu ya kupigia bunduki; minara minne pembeni; malango manne, moja kwa kila upande wa dunia, yenye milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi kama ya pwani; nyumba zipatazo 1,000. Stanley alikuwa amepita Uajemi kabla ya kuja Afrika, na alikiri kwamba ukiacha miji mikubwa, hakuona kule mji uliozungushiwa ngome nzuri kuliko hii.

Sifa hiyo haikumzuia kumtia mwenye mji katika kundi la wanyang'anyi. Sehemu ya shitaka ni ya kweli, wala mwongozaji hakuificha. Kisabengo aliteka watu na kuwauza, na jina lake lilitisha Ukwere, Udoe na Ukami. Bagamoyo haikupokea pembe tu kutoka njia hii. Ndiyo sababu milima iliyo juu ya mji ilikuwa kimbilio. Aliyekaa juu aliona vumbi la msafara mapema, akachagua kama ashuke kuuza mahindi au apande zaidi na wanawe.

Lakini kwa binti, kijana alikuwa na utetezi. Wajumbe wa Simbamwene walimfuata Stanley kambini kudai hongo, yaani ushuru wa kupita. Akawajibu kwamba mmoja wa misafara yake iliyotangulia ulikwisha lipa, na mwenye mali ni mmoja, halipi mara mbili. Wakakubali, wakaondoka. "Leo basi likiingia stendi ya Msamvu linalipa ushuru," alisema mwongozaji, "na hatujasikia mtu akimwita mkusanya ushuru jambazi." Baadaye mambo yaliharibika kidogo. Mpishi wa Stanley alichapwa kwa wizi na kufukuzwa, akapotea. Askari waliotumwa kumtafuta wakakamatwa na watu wa Simbamwene, mpaka mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Thani, alipokwenda kuwaombea. Stanley mwenyewe siku zile alitetemeka kwa homa yake ya kwanza ya safari, mvua ikipiga hema. Picha ya mji iliyoenea duniani ilichorwa na mgonjwa aliyekuwa na haraka.

Mwaka uliofuata akarudi, amekwisha muona Livingstone, akakuta mji umevunjika. Aprili 15, 1872 kimbunga kilikuwa kimeipiga Zanzibar na mvua zake zikajaa bara. Hapa kuna kisa ambacho mwongozaji hukiweka katikati ya ziara yake. Kisabengo, katika enzi zake, alichimba mfereji mrefu ili kuusogeza mto karibu na kuta. Ulikuwa fahari yake. Mto ulipofurika uliufuata mfereji huohuo, ukaubomoa ukuta wa mbele na nyumba zipatazo 50, kisha ukajichimbia mkondo mpya mbali kidogo na mji. Simbamwene alikimbia. Maji yaliyoujenga mji ndiyo yaliyoubomoa, na yaliletwa mlangoni kwa mkono wa mwenyewe.

Cameron alipopita mwaka mmoja baadaye, watu walikuwapo na jina lilikuwapo. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walipofungua misheni Morogoro miaka ya 1880 walimkuta Kingo, wa uzao wa Kisabengo, ndiye mwenye neno. Ukitazama orodha ya kata za manispaa leo utaikuta Kingo, na utaikuta pia Boma, jina la makao ya watawala wa kigeni. Wenyeji na wageni wao wamelala majirani.

Reli, boma na makaburi

Wajerumani waliukuta mji wa njia wakaufanya mji wa reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wapagazi wa masafa marefu wakakosa kazi, na mashamba ya mkonge yakapata mikono. Mkonge ndio uliowaleta Morogoro watu wa makabila ya mbali, na vibarua wenye mshahara mfukoni mwisho wa mwezi walihitaji mahali pa kucheza. Hapo ndipo palipokuja kusimama bendi ya Morogoro Jazz, iliyoundwa 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanza 1948. Mbaraka Mwinshehe alipopiga gitaa lake la Morogoro Jazz huko Osaka, Japani, mwaka 1970, mji wa wapitaji ulikuwa umepeleka na wake nje.

Mama wa Kiholanzi alitaka kuona makaburi ya vita, kwa hiyo tukaenda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alihamisha makao ya serikali kutoka Dar es Salaam, iliyokuwa wazi kwa mizinga ya meli, akayaleta Morogoro. Agosti 26, 1916 majeshi ya Smuts yaliingia mjini yakakuta Wajerumani wameondoka. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekwisha pitisha watu na shehena zake kuzunguka Uluguru, kuelekea Kisaki, kulekule kwenye njia ya Burton. Smuts alitaka kumziba pande mbili, lakini milima, mvua na homa vilikuwa upande wa anayejua vichochoro. Septemba wapanda farasi wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma Kisaki, na farasi waliosalimika na risasi waliuawa na mbung'o.

Makaburi ya askari yamepangwa, yamefyekwa, kila jiwe na jina. Mama alisoma majina kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Na waliobeba?"

Mwongozaji alimjibu bila kuzunguka. Waliobeba, wa pande zote mbili, walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivi vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, njaa na uchovu, wakazikwa walipoangukia. Msafara wa Stanley na jeshi la Smuts vilitembea kwa mabega yaleyale, na katika vitabu vyote viwili mabega hayo yamekuwa idadi. Sikuona swali lolote la siku ile lililofika mbali kuliko hilo.

Wageni waliokaa

Kuna wapitaji wengine ambao Morogoro haikuwaita wapitaji. Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini mwaka 1977. Walijenga shule iliyochukua jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Mji ulikuwa umeshawazoea, kwani mkutano mkubwa wa ANC ulifanyika Morogoro kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Walilima, walifuga, waliswalisha na kusalisha, waliozesha, walizikana. Mwaka 1992 walikabidhi majengo na kurudi kwao, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hawa walipewa jembe siku ya tatu wakalishika. Makaburi yao yako hapohapo, na wenyeji wanajua ni ya nani.

Mlimani

Tulikula mchana karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa Februari 2021. Kingalu ni jina la utawala linalorithishwa Kinole, upande wa mashariki wa milima, katika ukoo ulioheshimiwa kwa mvua. Kuliweka jina hilo juu ya soko la mjini ni kuwaleta watu wa milimani katikati ya mji ulioanzishwa na wale ambao wao waliwakimbia. Ndani, matenga ya kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta yalikuwa yanashushwa. Mboga hizo za baridi zilikuja na wamisionari na Wajerumani, lakini wakulima wa Mgeta walikwisha zifanya zao, na sehemu kubwa huishia Dar es Salaam.

Kisha tukapanda, kwa njia ya Boma na Mlimani, kuelekea Morningside, nyumba ya mapumziko ya enzi za Wajerumani. Akinamama walikuwa wakirudi kutoka sokoni, matenga matupu kichwani, wakitupita kama sisi tumesimama. "Shikamooni," alisema mwongozaji kila walipotukaribia, na wao "marahaba, mwanangu," bila kupunguza hatua. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo aliyetupita akihema kidogo huenda ndiye ambaye kwa ukoo wake shamba lile la ndizi na maharage linajulikana.

Tukakaa juu ya jiwe. Kutoka hapo mji mzima uko chini, na mkondo wa mto, na bwawa la Mindu linang'aa upande wa magharibi. Mwongozaji akageuka nyuma, akaonyesha kilele ambacho hatungekivuka siku ile. "Nyuma ya huko ni Matombo," akasema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilileta mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi: milima inamomonyoka, mito inabeba udongo. Lakini dawa ililetwa kwa amri. Kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi, hata pale ambapo udongo mzuri ni wa kina kifupi na ukiufukua unapandisha juu ule usiootesha kitu. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, asiyeifanya alitozwa faini, na mavuno hayakuongezeka. Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo kukataa. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa, na chama cha TANU, kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, kikapata milimani wanachama ambao hakikuhitaji kuwashawishi.

Hilo ndilo jembe nililolisema mwanzoni. Mgeni alikaa, akaona tatizo la kweli, na badala ya kumuuliza aliyelima mteremko ule kizazi baada ya kizazi, akamwamuru. Kosa lake na la Stanley ni ndugu. Wote wawili waliangalia kutoka chini, wakahukumu, na hawakumuuliza mwenye kilima.

Mzee wa Kiholanzi alitaka kujua kama udongo sasa umepona. Mwongozaji alimwambia ukweli ulio katikati. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia, wenye ndege na mimea isiyopatikana kwingine duniani, lakini chini yake watu ni wengi na mashamba ni madogo. Mito inayoanzia huku huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. "Kama meli yenu imejaza maji bandarini," akawaambia, "basi tangu asubuhi mlikuwa mmeoga Uluguru." Mama alicheka, kisha akaliandika kwenye daftari lake, chini ya swali la wapagazi.

Nilipofika nilikuwa na shaka na ziara za siku moja. Shaka hiyo imepungua, na sababu ni mwongozaji. Kirangozi wa misafara aliwapitisha wageni salama na jina lake likabaki tanbihi katika kitabu cha mwajiri. Kijana huyu anachagua wapi gari lisimame, ukurasa upi usomwe na upi upingwe, na swali lipi lisikwepwe. Alitumia saa chache zilezile ambazo wapitaji wa zamani walizitumia kuhukumu, akazitumia kuwafanya wageni waulize. Anachokosa ni kibao kimoja pale mtoni chenye jina la Simbamwene, ili asilazimike kuujenga mji mzima kwa mikono hewani kila akija na wageni, na siku ya pili, ya kuzunguka mlima kwenda Matombo na Kinole.

Wageni wa meli hawana siku hiyo. Walishuka mbio, wakawahi treni, na nina hakika waliwahi na ngazi ya meli. Lakini mabehewa yale yalijaa pia watu wa Dar es Salaam waliokuja kupiga picha na Bondwa, kula nyama choma na kununua stroberi, wanaoyanywa maji ya Ruvu kila siku na hawajawahi kuisikia Matombo. Meli haimngoji abiria. Sisi tunaoishi mwisho wa mto ule hatuna meli ya kuwahi, na treni ya kurudi ipo hata kesho kutwa.